Mwonjaji wa Jikoni kwa Mama Othman

Nilichokiona kwanza kwa Kavata ni kiganja chake cha kushoto. Nilikuwa nimehamia Kitui karibuni kufundisha, nikapanga chumba uani kwa Mama Othman, na dirisha langu lilitazamana na jiko lake. Kavata alichota mchuzi kwa mwiko, akadondosha tone kiganjani, akalilamba, kisha akafumba jicho moja kama mtu anayesikiliza.

"Bado kidogo," alisema, akaongeza chumvi.

Mama Othman, ambaye jina lake ni Mwanamisi, ana hoteli ndogo ya chakula iliyoanzishwa na marehemu mumewe walipokuja kutoka pwani. Katika mwezi wa Ramadhani hufunga mlango mchana kutwa, lakini jioni watu hujaa, Waislamu na Wakristo, kwa ajili ya mbaazi za nazi na mahamri. Shida ni kwamba wapishi wote wamefunga. Wapo wanaosema mpishi aweza kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema. Mama Othman hataki kusikia habari hiyo. "Ulimi wangu mwizi," husema. "Ukipewa tone utataka bakuli."

Basi kazi ya kuonja ilikuwa ya Kavata, Mkamba wa Tawa, mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Alikuja hapa miaka mitatu iliyopita, mwaka wa njaa wa 1984, akiwa mjane, akaanza kwa kuosha sufuria. Mtoto wake Mutindi alimwacha kwa nyanya yake huko Tawa. Mama Othman alimfundisha kukuna nazi, kukanda unga wa mahamri, na kunyamaza wateja wakigombana.

Alhamisi ya juma la pili la mfungo mwaka huu, Jonah, kaka yake Kavata, alifika uani akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kavata, ile shule ya wasichana karibu na kwetu inatafuta mpishi. Wa zamani ameondoka. Mshahara ni mzuri kuliko huu, na utakuwa unalala nyumbani."

"Wananitaka lini?"

"Jumatatu. Wasichana wanafungua shule. Usipofika, nafasi ni ya mwingine."

Kavata aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. "Na Mutindi?"

"Ni mzima." Jonah alitazama chini. "Juzi alimuuliza mama yetu, 'Nyanya, yule mgeni wa Krismasi atakuja tena?' Alikuwa anakuuliza wewe."

Kavata hakulia. Alikuna nazi hadi kifuu kikabaki kitupu.

Alasiri alimweleza Mama Othman. Mama huyo aliweka chini ungo wa mchele.

"Katikati ya mwezi mtukufu, Kavata? Unaniacha na chungu nisichoweza kukionja?"

"Mama Othman, hata mimi naona vibaya. Lakini mtoto ananisahau."

"Haya. Nenda. Nani amekufunga kamba?"

Ni maneno ya ruhusa, lakini hayakuwa na radhi ndani yake, na Kavata alilijua hilo. Ijumaa yote wanawake hao wawili walipika bega kwa bega bila kusemezana. Usiku ule nilimsikia Kavata akimwambia Othman, kijana wa Mama Othman, "Mama yako akiniacha niende hivi, nitapikia hao wasichana na moyo mchungu." Othman akamjibu, "Wewe ngoja. Mama hukasirika kama maziwa. Hupanda, halafu hushuka."

Jumamosi, siku yake ya mwisho, Kavata alipika kila kitu peke yake. Mama Othman alibaki chumbani akisoma Kurani. Sikumwona Kavata akilamba kiganja hata mara moja, ila sikulitilia maanani.

Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa, watu walikula tende, wakavuta sahani. Kavata, ambaye kwa kawaida huhudumu akiwa ameshashiba, alikuja akaketi mkekani pamoja na wenyeji. Othman akamega hamri, akachovya mbaazi, akatafuna, akasita.

"Dada Kavata, chumvi imetangulia Tawa?"

Wateja wakacheka. Mzee Hassan, muuza viatu, akasema yeye alidhani ni ulimi wake umezeeka. Kibakuli cha chumvi kikaanza kuzunguka meza hadi meza.

Mama Othman alionja, akamgeukia Kavata. "Hukuonja?"

Kavata aliinamisha kichwa. "Nimefunga."

"Umefunga? Wewe wa kwaya?"

"Nilitaka kufuturu na nyinyi mara moja tu, kabla sijaenda. Nikasahau ya kwamba kazi yangu hapa ni kula."

Mama Othman alicheka, akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Mjinga wewe! Nakulisha kila siku ya Mungu ili uonje, na siku ya kuniaga ndiyo unafunga!" Alichukua tende, akaitoa kokwa, akamtia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mwanangu. Mutindi asiletewe mama aliyekauka. Nenda, na radhi zangu zote. Lakini Idi mtakuja, wewe na huyo mtoto. Siku hiyo hakuna aliyefunga. Tutaonja sote."

Kavata aliondoka Jumapili kwa basi la asubuhi, na kifurushi cha tende mapajani.

Tangu hapo mimi, nisiyefunga, ndiye niitwaye jikoni kuonja, na Mama Othman hulalamika kwamba kwangu kila kitu ni kitamu. Jonah ameleta habari kuwa mwalimu mkuu amemruhusu Kavata kuja siku ya Idi. Mutindi amekwisha kuambiwa kwamba anasafiri na mama yake. Mama Othman amemshonea gauni la manjano kwa kukisia kimo, amelitundika mlangoni, na kila jua likizama humtuma Othman nje ya ua atazame kama mwezi umeandama.