Uso wa Agnesina Ukutani

Gaspero alikuwa fundi wa lipu wa ukoo wa Serravanti. Ukoo huo ulikuwa na kardinali hapa Roma, balozi kule Madrid, na wachoraji waliokula bure mezani pao. Katika kanisa lao Gaspero ndiye aliyepiga lipu, na mchoraji akachora juu yake kabla haijakauka.

Mchoraji alipotafuta sura ya malaika, alimchora Agnesina, binti pekee wa Gaspero. Mwaka uliofuata homa ikamchukua mtoto. Tangu hapo mama yake, Menica, alikwenda misa kila asubuhi, akaketi chini ya malaika yule na kumsimulia habari za nyumbani. Mimi jirani yao nilikuwa nikimsikia, na roho ikiniuma.

Kisha kardinali akataka kumwoza mpwa wake binti wa mkuu mmoja wa Hispania. Ili kumfurahisha mkuu huyo, ikaamriwa malaika apewe sura ya bibi harusi. Wakubwa ndivyo walivyo, hata mbinguni wanatafutiana nafasi.

"Bandua hapo, upige lipu mpya," msimamizi wa ukoo alimwambia Gaspero.

"Bwana, huyo ni mwanangu."

"Mwanao yuko kwa Mungu. Hapa ni kwa Serravanti. Au nimwite fundi mwingine?"

Gaspero akabandua mwenyewe. Vipande akavitwanga, unga wake akauchanganya kwenye lipu mpya.

"Bado yumo, mke wangu," alimwambia Menica. "Nimemweka kwa mikono yangu, nyuma ya huyo mgeni."

Menica akaendelea na misa zake. "Sogea kidogo, binti," alimwambia yule Mhispania wa ukutani, "niongee na mwanangu."

Kabla ya Pasaka, Madrid ikavunja uchumba. Gaspero alikuwa kitandani, kifua kimembana, basi msimamizi akaita mafundi wengine waiondoe sura ile. Walibandua mpaka kwenye matofali, kifusi wakakimwaga mtoni.

Menica aliwakuta wameshamaliza. Akakusanya alichokiona sakafuni, akakileta nyumbani ndani ya mtandio.

"Gaspero, tazama. Ndiye?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulikuwa mchanga mweusi tu, mbichi, wa kazi mpya ya mafundi wale, si lipu ya zamani. Hata mimi nisiyejua lipu niliona hivyo. Gaspero aliutia vidole, akausugua kwa muda mrefu.

"Ndiye," alisema.