Pasipoti nyuma ya foto ya ndoa

Wandugu, leo uongo wa Papa yangu umeanguka kutoka ukutani!

Wiki ijayo nasafiri Ubelgiji. Nikashusha foto ya ndoa ya wazazi ili niende nayo. Kufungua kadre, fremu yake, pasipoti ikaanguka.

Ya Papa. Ya wakati wa Zaïre, na viza ya Ubelgiji ndani!

Sasa, munamujua Papa yangu. Kila anayetaka kuhama Goma anamuhubiria: "Mimi walinipa viza, nikakataa. Mutu haachi inchi yake."

Leo aliiokota, akaipangusa vumbi. Kisha: "Niliitafuta miezi miwili. Kusema nimeipoteza ilikuwa aibu."

Tukamugeukia Mama. Anachambua majani ya sombe, hana hata wasiwasi.

"Ni mimi niliificha. Shamba la kule Kibati umepata, watoto sita umepata. Muzee, ulipungukiwa na nini?"

Papa akacheka mpaka machozi. "Kumbe Goma niliipenda kwa lazima!"

Mimi pia nilicheka sana, mpaka nilipofungua valizi yangu ya safari.

Pasipoti haiko.

Nimemuuliza Mama. Anasema nikule kwanza.

Wandugu, nitafute wapi? Kadre zote za nyumba nimeshafungua.