Jiwe la Msingi la Zahanati Yetu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, diwani alifika kwenye zahanati tuliyokuwa tukiijenga kijijini kwetu, juu ya bonde la Yaeda. Kuta zilikuwa zimeshapita madirisha. Matofali tulikuwa tumeyaunganisha kwa udongo, si saruji, hivyo bati zilitakiwa kupanda kabla ya masika. Fedha za bati, michango ya kaya zetu, zilikuwa benki. Kuzitoa kulihitaji saini mbili kati ya tatu za kamati ya ujenzi, na moja ilikuwa yangu.

Diwani aliyemtangulia, wa chama kingine, aliahidi kubana matumizi, kisha akaangushwa kwa sababu ya mapokezi na posho. Huyu naye aliahidi hivyohivyo. Nilimpigia kura.

“Shikamoo, mzee,” diwani alinisalimu.

“Marahaba.”

“Ijumaa tuna mgeni wa mkoa. Anakuja kuweka jiwe la msingi.”

Mama mweka hazina wa kamati alicheka. “Msingi tuliufukia mwaka jana! Atalipandisha kwa ngazi?”

“Mama, usinitanie. Tunahitaji turubai, viti, mbuzi wawili na jiwe lenyewe. Tuchukue kwenye bati, halmashauri itarudisha.”

“Mbuzi wawili! Huyo mgeni ana matumbo mangapi?”

“Ana msafara.”

“Na ulipoomba kura ulisemaje kuhusu misafara?”

Diwani alitazama chini. “Nikimpokea vibaya, kata hii haitapata kitu. Hata yule aliyenitangulia alilijua hilo.”

Mama alikataa kutia saini. Mwenyekiti alitia. Nikafikiri juu ya maneno ya diwani, nikaona yana ukweli, nami nikatia.

Fundi alitoboa ukuta uliokwisha kujengwa ili jiwe lipate pa kukaa. Mgeni alikaa dakika arobaini, akatuhimiza kubana matumizi. Tulipiga makofi.

Bati hazikupanda. Mvua ilipoanza, maji yaliingia pale palipotobolewa, na ukuta ule ukalala chini pamoja na jiwe. Wajawazito wetu bado wanapelekwa mjini kwa pikipiki.

Nilienda halmashauri mara tatu kudai. Mara ya tatu mhasibu alinieleza kwa upole kwamba marejesho yamesitishwa: kuna agizo jipya la kubana matumizi. Sikubishana naye. Agizo lilikuwepo kweli, alinionyesha.

Nikijumlisha mapokezi, jiwe na ukuta, tulipoteza shilingi milioni moja, laki nane na elfu sabini.