Unga Mweupe wa Maduhu

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, tumekaa juu ya viroba vya mawe machimboni, upande wa Bulyanhulu, tunagombania ugali. Si kwamba ulikuwa haututoshi. Tulikuwa tunabishana kama una afya au hauna. Watu wanaoshinda chini ya mwamba unaoweza kuwaangukia saa yoyote, wamekaa wanaogopa ugali.

Mke wangu Kabula ndiye aliyekuwa anatupikia. Alipika udaga, unga wa muhogo aliokuwa anauleta mama yangu mzazi kutoka Bukombe. Kama hukulelewa kwetu, nikueleze. Muhogo wetu ule ni mchungu. Ukishamenywa hauanikwi hapohapo. Unalundikwa, unafunikwa kwa majani na magunia, unavundikwa siku kadhaa mpaka unaota ukungu na harufu inashika nyumba nzima. Ndipo unakwanguliwa, unamegukameguka mkononi, unaanikwa, unasagwa. Unga wake una rangi ya vumbi, na harufu yake haina adabu.

Masunga, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu tulilokuwa tunachimba, alisukuma sahani pembeni.

“Mama Shija, unatulisha uvundo. Huu ukungu ndio unatuletea kukohoa.”

“Kukohoa kunaletwa na vumbi la duara lako, shemeji,” Kabula akamjibu. “Ukungu mimi nimeukwangua. Wewe vumbi lako nani analikwangua?”

Watu wakacheka. Masunga hakucheka. Wiki ileile akamleta Maduhu, mfanyabiashara wa unga kutoka Kagongwa, na viroba vya unga wa muhogo mweupe kama pamba. Maduhu alikuwa na mdomo mtamu. Alisema ule ndio unga wa afya, hauna ukungu, na ukiula huna haja ya mboga nyingi, maana nguvu yote imo humohumo. Masunga, aliyekuwa analipia chakula chetu, akalipenda hilo neno. Maharage yakakatwa, dagaa wakakatwa. Tukawa tunakula ugali kwa chumvi na mchuzi mwepesi hata unaiona sahani chini yake. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisi tuliuona mkakasi tu.

Vichwa vikaanza kuuma. Tukasingizia jua. Mwenzetu mmoja akashikwa na kizunguzungu akiwa kwenye ngazi ya duara, tukasema amelewa. Mwanangu, mtu akishaamini kwamba chakula ni kisafi, atalaumu kila kitu isipokuwa sahani.

Mama yangu alikuja kumwona mjukuu wake. Alimkuta Shija, mtoto wetu, ambaye ndio kwanza alikuwa amezoea kukimbia, ametoka kula. Mtoto alinyanyuka kumlaki bibi yake, miguu ikakataa. Akaanguka, akatapika, pumzi ikawa ya kuvutavuta. Mama hakupiga kelele. Alimpa Kabula amshike, akaingia jikoni, akachovya kidole kwenye unga, akaweka ulimini, akatema.

“Huu haujavundikwa,” akasema. Kisha akanigeukia mimi. “Baba Shija, mwanao ulimzaa wewe, halafu ukamwachia Masunga amchagulie cha kula?”

Mpaka leo naona afadhali angenichapa.

Tulipanda pikipiki ya kukodi, mama nyuma ya dereva na mtoto, mimi nyuma yake, mpaka kituo cha afya. Muuguzi aliuliza swali moja kabla ya yote: amekula nini? Mama akamwambia, muhogo mchungu usiovundikwa, na akamkabidhi unga aliokuwa ameufunga kwenye kona ya kanga. Muuguzi alisema vizuri sana kuuleta, hiyo ni sumu ya muhogo wenyewe, inayotolewa na kule kuvundika, na akaita wenzake. Tukakaa kwenye benchi. Sijui kusali kwa maneno mengi, shule niliishia darasa la nne na kanisani nilikuwa nakaa nyuma, lakini siku ile nilisali.

Jua lilipoanza kupoa, Shija alifungua macho akasema anataka uji. Nilitoka nje nikashika ukuta. Mwanangu, sijawahi kuona dhahabu iliyonipa nafuu kama lile neno uji.

Maduhu alirudi baada ya siku chache na mzigo mwingine. Masunga bado alikuwa anamtetea, anasema mtoto alikuwa na malaria tu. Mama hakubishana naye. Alisonga ugali wa unga uleule wa Maduhu, akatandika mkeka, akaleta na maji ya kunawa.

“Shikamoo mama,” Maduhu akasema.

“Marahaba baba. Karibu chakula.”

“Asante mama, nimeshiba.”

“Umetoka Kagongwa asubuhi yote hii, umeshibia wapi? Kata hata tonge moja. Ni unga wako.”

“Tumbo halipo sawa, mama.”

Unajua kwetu mgeni hakatai tonge la mwanamke mzee. Ataonja hata kama amevimbiwa. Na hapo tukakumbuka kwamba Maduhu, kila tulipomkaribisha, alikuwa ameshiba.

“Kwako mnakula nini?” mama akamuuliza.

Akaangalia viatu vyake. “Udaga,” akasema.

Masunga mwenyewe ndiye aliyesimama akampakilia viroba vyake. Hakutuomba radhi, na mimi sikumsamehe. Nayataja majina yao kwa sababu mmoja alijua akauza, mwingine hakujua akaamrisha, na Shija wangu nusura awe kaburi kati yao.

Sasa nawasikia ninyi vijana hapa Ibadakuli mkibishana kwenye simu. Huyu anasema ugali ni sumu, yule anasema wali, mwingine amekataza muhogo wote. Sikilizeni mtu aliyenusurika. Chakula hakina afya kwa rangi wala kwa jina. Muhogo uleule ulitukuza na ukatuangusha. Tofauti ilikuwa mikono iliyoutengeneza na siku ulizosubiriwa. Kwa hiyo uliza: kimetoka wapi, kimepitia nini, na anayekiuza anakila? Usile kitu kimoja peke yake. Weka maharage, weka dagaa, weka mlenda, maana ugali mtupu ni mzigo bila mbebaji. Mwenye njaa hana miiko, ndiyo, lakini mwenye mtoto anayo. Na mama yako akikwambia jambo la jikoni, msikilize; asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Shija ni mtu mzima, anafuga ng'ombe, na anakimbia kunizidi. Mungu akupe, mwanangu, sahani isiyokudanganya, mikono safi ya kukupikia, na watoto wanaoamka wakidai uji.