Kikombe cha Mke Mwenza

Usiku ule nilisikia upawa ukigonga mdomo wa sufuria. Ko. Ko. Mara mbili, halafu kimya. Hata leo nikikaa peke yangu nikatulia ninausikia, na vinyweleo vya mikono vinanisimama, kwa sababu nimemjua mtu mmoja tu aliyekuwa akigonga vile, na mtu huyo tulikuwa tumeshamzika.

Ni Bibi yangu, aliyemzaa mama. Ndiye aliyenilea. Akimaliza kupika hakuwa na habari ya kuita watu waje kula. Anagonga tu upawa, ko, ko, na mimi popote nilipo, hata kama nimeshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa nusu bado, najua wali umeiva. Tuliishi wawili, hapahapa Morogoro chini ya mlima, chumba kimoja na jiko la nje. Mimi ni msusi. Shule niliishia la saba, ila vichwa vya watu navijua.

Bibi alikuwa ananiita mke mwenza, utani wa bibi na mjukuu wake, ati mimi na yeye tumeolewa na babu mmoja. Kila jioni alipima mchele kwa kikombe cha bati chenye ua jekundu. Anachota cha kwanza, anasema, "Hiki changu." Anachota cha pili, anakijaza mpaka kinamwagika, anasema, "Na hiki cha mke mwenza, asije akanishtaki kwa mume." Tunacheka. Utani uleule kila siku, na kila siku tunacheka upya.

Sukari ndiyo iliyomwondoa. Ilianza na kidonda kwenye kidole cha mguu, kidogo hata hukioni vizuri. Wakamwambia apunguze hiki, aongeze kile, atembee. Yeye akasema kesho. Mwisho wakaukata ule mguu, na baada ya mguu hakukaa sana na sisi.

Msiba ulipokwisha, watu wakaenda kwao, nikabaki na kile kikombe. Jioni nachota, nasema hiki changu. Nachota tena, nasema na hiki cha mke mwenza. Sikuweza kuacha. Kupima kikombe kimoja peke yake niliona kama narudi makaburini na jembe. Sasa chakula kikishapikwa hakitupwi, mimi nimelelewa hivyo. Basi nilikuwa nakula changu, nikimaliza navuta sahani ya pili, nakula na chake.

Mwili nao ukapokea, haukukataa kitu. Wateja wakanitania kwamba kiti changu cha kusukia kinalia kuliko wao. Nilicheka nao, mimi kucheka sina uvivu. Lakini siku moja magoti yalivimba nikaenda zahanati, nesi akanipima, akaninong'oneza taratibu, "Dada, sukari imeanza kupanda. Haijafika pabaya. Ila njia iliyoshika ni ileile ya bibi yako."

Hapo sikucheka.

Nikanunua raba. Nikajiunga na Mama Shani, jirani yangu, na wenzake wawili ambao kila alfajiri hupanda njia ya mlimani mpaka kwenye tenki la maji na kurudi. Nikapungua! Dera likawa linaning'inia, nikacheza peke yangu mbele ya kioo. Ikaja Idi, na mimi na Idi mnatujua. Nikarudi pale pale. Nikaanza tena, nikapungua kidogo, ikaja harusi ya binamu, siku nzima ya kuonja pilau jikoni, na baada ya harusi ikanishika malaria, nikaacha kutembea. Uzito ukapanda tena. Nilipoanza mara ya tatu nilijitahidi kweli kweli, halafu nikaenda kupimwa. Nesi akautazama mzani, akanitazama mimi, akaandika, hakusema neno. Kimya kile kiliniuma kuliko matusi.

Jioni hiyohiyo nikamwambia Mama Shani, "Dada, mimi basi. Nimeumbwa hivi."

"Umeumbwa hivyo na nani?" akasema. "Usimsingizie Mungu, wewe umeumbwa na wali wa nazi."

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nikacheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Nikamwambia zile raba nampa binti yake Shani, miguu yetu ni sawa, kesho aje kuzichukua. Mama Shani akaacha kucheka. "Zaituni, mdogo wangu, lala kwanza," akasema.

Nikazifunga kwenye mfuko nikazitundika kwenye msumari wa mlango. Halafu nikapima mchele wa kesho yake, kikombe changu na kikombe cha mke mwenza, nikauacha kwenye ungo niuchague asubuhi kabla wateja hawajaja. Nikalala.

Ko. Ko.

Niliamka, au niseme niliamka ndani ya ndoto, nikatoka kwenda jikoni. Moto ulikuwa unawaka bila moshi. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kanga kaifunga kifuani, na miguu ameinyoosha mbele. Yote miwili. Nikasimama mlangoni nimeishika nguzo. Ule mguu walioukata hospitali ulikuwepo, mzima, laini kama wa msichana, na kucha zake zimepakwa hina mbichi inayong'aa kwenye moto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenza."

Sauti yake! Siyo ile ya hospitali, ya kukwaruza. Ile ya zamani.

Nakaa kwenye mkeka, karibu lakini siyo karibu sana. Nasikia harufu ya wali na nazi, na mate yananijaa mdomoni, na moyo unanidunda. Kwa sababu huku kwetu wanasema marehemu akikupa chakula ndotoni usile, ukila amekuchukua. Nalikumbuka hilo vizuri kabisa nikiwa ndani ya ndoto. Najiuliza, sasa akinipa nitakataaje? Tangu nizaliwe sijawahi kumkatalia tonge Bibi yangu. Nilijua akininyooshea sahani ile nitaipokea kwa mikono miwili, na nitakwenda naye.

Bibi akachukua sahani yake. Akaitazama. Akaigeuza, akaifunika kichwa chini juu ya mkeka, taratibu, bila sauti.

"Mimi nimeshiba," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia, "Bibi, hujala."

"Tangu waliponilaza kule, nimeshiba." Akaninyooshea kidole chake kile kilichopinda. "Hicho kikombe cha pili unampikia nani?"

Nataka kujibu, lakini jiko halipo tena. Tumesimama uani, na pembeni yangu inaanza ile njia ya mlimani, ile ya kwenda kwenye tenki, na juu ya njia yote, kutoka miguuni kwangu mpaka mlima unakoingia mawinguni, zimepangwa sahani. Sahani, sahani, sahani. Kila moja ina wali mweupe, na kila wali unafuka mvuke, na mvuke ule una mwanga ndani yake, kama mtu amewasha vitaa vidogo mlima mzima. Sijawahi kuona kitu kizuri vile, wala cha kutisha vile. Nikashika mdomo.

"Za nani hizi, Bibi?"

"Zangu," akasema. "Zile ulizonilia."

Na neno likanitoka ambalo sikujua kwamba lilikuwa ndani yangu muda wote huo. Nikamwambia, "Sikutaka ukae na njaa."

Bibi akacheka. Kile kicheko chake cha tumbo, kinachoanza chini na kupanda, mpaka mabega yanatikisika. Nilikuwa nimekisahau! Nilikumbuka uso, nikakumbuka mikono, lakini kicheko kilikuwa kimenipotea, na sasa kimerudi chote.

"Mtoto wewe," akasema, na mkono wake ukawa kichwani kwangu, una joto. "Huku hatuna njaa."

Halafu anapanda. Anatangulia, anapita katikati ya sahani na hagusi hata moja, nyayo zake hazitoi sauti, ila ile hina naiona, inamulika, inatoka, inaingia, inatoka. Namfuata. Mimi napanda na sauti zangu zote, nahema, nakohoa, jasho linaniingia machoni. Tunapanda tu. Mahali fulani pana jiwe kubwa, na mimi najiangusha pale juu ya jiwe nakaa.

"Nimeshindwa, Bibi. Kila nikipanda narudi chini. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niache nikae hapa."

Akageuka. Hakukasirika. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikitoka shule nimelia.

"Umerudi chini wapi?" akasema. "Tazama."

Nikatazama chini. Mji wote ulikuwa mbali, taa zake ndogo ndogo, na bati la nyumba yetu dogo kama ukucha. Nilikuwa nimekaa katikati ya mlima. Muda wote nilidhani nimeketi mlangoni kwangu, kumbe nilikuwa nimepumzika njiani.

"Umekaa," akasema Bibi. "Umekaa tu."

Sijui raba zangu zilitoka wapi, zilikuwa mkononi mwake. Akachuchumaa mbele yangu, yeye Bibi yangu, na mimi naona aibu, nasema usifanye hivyo, mimi ni mtu mzima sasa. Akaushika mguu wangu akaupangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaniingiza raba, akafunga kamba kama alivyonifunga viatu vya shule nikiwa la kwanza, fundo moja halafu akalibana kwa dole gumba. Mguu wa kulia, wa kushoto. Kisha akaweka kiganja chake juu ya ule mguu wake mwenyewe, wenye hina.

"Huu nimerudishiwa," akasema. "Wako usingoje kurudishiwa."

Nilitaka kumkumbatia lakini alikuwa ameshasimama, ameshaanza kupanda, na kila sahani anayoipita inazimika. Siyo kwa ghafla, inazimika polepole, kama mtu anavyofumba macho usingizi ukimjia. Wali hauonekani tena, mvuke hauonekani, inabaki njia tu, ya mchanga na mawe, njia ile ninayoijua. Nikaita, "Bibi! Mke mwenza!" Kwa mbali sana, juu kule kwenye giza, upawa ukagonga.

Ko. Ko.

Halafu ukaja mlio mwingine, gu-gu-gu-gu-gu, na huo haukuwa wa Bibi. Mama Shani hugonga mlango kama amemfumania mtu.

"Zaituni! Wewe! Umelala au umehama? Raba ziko wapi, Shani keshaosha miguu!"

Nilikuwa kitandani. Mto umelowa. Nje kunapambazuka, jogoo wa jirani anawika, na wale wenzake wawili nawasikia wanacheka uani. Nikakaa. Nikaigusa miguu yangu chini ya shuka, mmoja halafu mwingine, vidole vyote. Vipo. Nikashukuru kwa sauti.

"Raba zimeshapata mwenyewe!" nikajibu.

"Mwenyewe nani?"

"Mwambie Shani anisamehe. Nitamsuka bure."

Halafu Mama Shani akasema, kwa sauti ya chini ambayo si yake, "Tukusubiri?"

"Tangulieni polepole. Nitawakuta."

"Ukichelewa tutakukuta tunarudi!" akapaza, na nikasikia nyayo zao zinaondoka.

Nikazitoa zile raba kwenye mfuko, nikakaa kizingitini nikafunga kamba, fundo moja, nikalibana kwa dole gumba. Halafu nikaingia jikoni. Moto wa jana ulikuwa majivu. Ungo ulikuwa pale pale nilipouacha, mchele umelala juu yake, wa watu wawili. Nikapiga magoti.

Nikachukua kikombe chenye ua jekundu nikachota. Halafu nikasema, "Hiki changu," nikakimimina kwenye bakuli.

Kile kilichobaki kwenye ungo nikakikusanya kwa viganja, punje kwa punje, mpaka kikombe kikajaa na kumwagika kama alivyokuwa anapenda. Nikakishika muda. Nikafungua kopo la mchele nikakirudisha, polepole, nasikiliza punje zinavyoanguka juu ya nyingine mpaka ya mwisho. Nikafunika kopo, na juu ya mfuniko nikakigeuza kikombe, kichwa chini.