Msichana Aliyeshika Tama

Picha ya msichana aliyeshika tama imegeuziwa ukuta sebuleni kwa Mama, Walthamstow, London, tangu utoto wangu, na aliyeileta ni mimi.

Enzi zetu, nyinyi mliolelewa na mama wa Kizanzibari mnajua, mtoto hakuthubutu kuegemeza shavu kiganjani. Ukijisahau tu, kofi linakushukia mkononi: "Toa mkono shavuni! Umefiwa na nani?" Mimi na Mama tulikuwa tumekimbia baada ya Mapinduzi, Baba akabaki Unguja, akaahidi kutufuata. Kila mwezi barua yake ilipenyezwa mlangoni, bahasha nyembamba ya buluu, na siku hiyo nyumba nzima ilinukia bizari, maana Mama lazima apike pilau, hata kama nyama yenyewe ni shingo ya kondoo.

Siku moja shule ilitupeleka kwenye jumba la sanaa. Nikamkuta huyo msichana wa Kizungu wa zama za nyuma: gauni jeupe, kitabu kimesahauliwa mapajani, shavu kiganjani, macho yako mbali. Mwalimu akasema, "Hana huzuni huyu. Anaota mchana." Nilidhani hiyo ni ruhusa. Nikanunua nakala yake kwa pesa za chakula, nikaitundika juu ya hita ya gesi.

Mama alirudi kutoka kiwandani, koti hajalivua, akaiona. "Wee Salma! Unamtakia msiba baba yako?" Alitaka kuichana, akaogopa, akaigeuza.

Mwezi ule barua haikuja. Wala uliofuata. Nikawa nikitoka shule nasimama nje kwanza kabla ya kufungua mlango na kutazama zulia la kizingitini. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Siku hizi wajukuu zake wanashika tama kutwa juu ya simu, na ukiwakanya wanakujibu kwa Kiingereza kwamba mashavu ni yao. Naye Mama, mzee sasa, hukaa dirishani akiangalia njia ya mleta barua, shavu kiganjani. Juzi nilimwambia taratibu, "Mama, mkono." Akautoa upesi, akacheka. "Nilikuwa naota tu, mwanangu."

Hakuna aliyewahi kutuambia kama Baba yu hai au la. Mama hakukaa eda. Na hitima, mpaka leo, hatujaisoma.