Mgeni wa Kwenye Masale

Basi rafiki yangu, mwaka jana nilikwenda Plano, huku huku Texas, kumsalimu dada, tukaingia duka moja kubwa kutafuta mapazia. Mama yetu tulikuwa tunamsukuma kwenye kiti cha magurudumu cha pale dukani, maana magoti yamemkataa. Tulipofika upande wa maua akatuamuru tusimame. Mbele yetu kulikuwa na masale. Yamepangwa kwenye vyungu vyeupe, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, kila chungu na bei yake. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Hawa watu," alisema, "wanauziana makaburi wakaweke sebuleni." Nikamnunulia kimoja, akakipakata njia nzima hadi kwangu Pearland. Tangu siku hiyo kihamba cha bibi, lile shamba la ukoo lenye migomba na nyumba, kinanijia bila hodi.

Kama hukulelewa kwetu Kilimanjaro, nikueleze. Isale tunalipanda mpakani, tunalipanda kaburini, na tunalitumia kuombea msamaha. Ukimkosea mtu unachuma jani lake, unalipiga fundo, unampelekea. Akishaletewa isale hana ujanja, lazima asamehe, hata kama moyo unamchemka. Nilimwona bibi siku jirani alipokuja na jani kwa sababu mbuzi wake walikuwa wamemaliza maharage yetu. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akamkaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, wakaongea vizuri. Jirani alipoondoka, bibi akawatukana wale mbuzi mmoja mmoja. Mbuzi hawakuwa wameleta isale.

Kwa bibi tulipelekwa kila likizo ndefu, na hakuna aliyekwenda kupumzika. Tulikata majani ya ng'ombe, tulichota maji mferejini asubuhi kabla hayajachafuliwa, tulimenya ndizi za kupikia kiburu na maharage mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Mpaka leo nikimenya ndizi mbichi jikoni kwangu, utomvu ule ukinishika, namsikia ng'ombe akicheua upande wa pili wa nyumba, na harufu ya moshi na kahawa iliyolowekwa inarudi yote. Wanangu wananiuliza, "Mom, why are you smiling?" Nawaambia ni kitunguu.

Chini ya kihamba, karibu na mfereji, kulikuwa na masale yaliyopandwa kwa duara. Ndani ya duara majani yalistawi kuliko popote, nasi kiangazi tukihangaika kutafuta mzigo wa majani ya ng'ombe tuliyatazama kwa uchu. Lakini ole wako uingize mundu. "Hapo amelala mgeni," bibi alikuwa akisema. "Mwacheni."

Mgeni huyo tulimjua kwa rozari ya bibi. Pembeni ya msalaba alikuwa amefunga kisahani cha bati, umbo la yai, kimetobolewa juu. Kwa bibi, na kwa sisi sote, hiyo ilikuwa medali ya mtakatifu. Jioni tukisali, akifika mwisho alikisugua kwa dole gumba na kusema, "Na mgeni wetu, umpe pumziko." Sisi tuliokuwa tumeshaanza kusinzia tuliitikia amina kwa nguvu, kwa kuwa baada ya mgeni kilichofuata ni kupakua chakula.

Habari ya mgeni huyo bibi alitusimulia hivi. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipopita mlimani, bibi alikuwa mtoto mdogo. Askari walipoondoka, nyuma yao alibaki kijana mmoja wa Kijerumani, anatetemeka kwa homa kwenye migomba. Baba yake bibi akamwingiza ndani, akamlaza karibu na ng'ombe kwenye joto, wakamnywesha maziwa. Hayakusaidia kitu. Akamzika kihambani kama mtu wa nyumbani, na kabla ya kumfukia akamvua kile kisahani shingoni. Alikuwa amewaona mapadri wakigawa medali, na akajua kwamba kitu kilichobarikiwa hakifukiwi udongoni. Akampa binti yake akitunze. Mzee yule hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo baadaye kihamba, masale na mgeni vyote vikabaki mikononi mwa bibi. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," bibi alikuwa akituambia. "Wetu alikuja akafa yeye. Basi angalau tumwombee."

Bibi alipofariki, rozari ikaja kwa mama, na mama akaja nayo Texas.

Siku ya kipaimara cha binti yangu, mama aliitoa ili ambariki mjukuu wake. Kwenye meza yetu alikuwepo jirani, mzee mstaafu ambaye burudani yake ni kuzunguka mashambani na mashine ya kutafutia vyuma vya zamani. Akaacha pilau, akaomba akishike kile kisahani. Alikigeuza taratibu, kisha akasema kwa upole kwamba hii siyo medali. Askari wa Kijerumani walivaa hivi shingoni ili wakifa wajulikane ni nani.

"Bibi, it's like his name," binti yangu akamwambia mama. "Ndiyo wangetumia ku-tell familia yake."

Mama alikirudisha kisahani kiganjani mwake. Halafu akasema, "Kwa hiyo babu yangu alimvua jina lake." "Na kwao hawakuambiwa alipo." Alinigeukia mimi. "Mtafutieni watu wake, mwanangu. Nitakutana na mama yangu karibuni. Nikifika sijamtafuta huyu mtoto, nitamwambia nini?"

Kazi haikuwa rahisi, maana dole gumba la bibi lilikuwa limesugua kile kisahani jioni zote za maisha yake, na maandishi yalikuwa karibu yaishe. Sala yenyewe ndiyo iliyoyafuta. Jirani aliweka karatasi nyembamba juu yake akapitisha penseli, binti yangu akamulika kwa simu kutoka ubavuni, ndipo zikajitokeza herufi chache na namba. Moja hatukuelewana kama ni tatu au nane, tukapeleka zote kwenye ofisi ya huko Ujerumani inayotunza kumbukumbu za askari wa zamani. Kisha tukangoja. Kila Jumapili tukitoka kwenye misa ya Kiswahili hapa Houston mama aliuliza, "Wale wamesemaje?" Nikimwambia bado, anaguna. "Na tulivyoambiwa Wajerumani ni watu wa saa."

Mwishowe wakasema. Aliitwa Konrad. Wakatuunganisha na mjukuu wa dada yake, naye ni mwanamke mzee sasa, na Jumamosi moja asubuhi tukaonana naye kwenye simu, mama amevaa gauni lake la kanisani. Alitueleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba mama yake Konrad alikataa mpaka kufa kumsomeshea mwanawe misa ya wafu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kaburi. Nikatafsiri. Mama akasema, "Mwambie asihuzunike. Alisaliwa kwetu. Kila jioni."

Yule mwanamke aliinamisha kichwa. Alipokiinua akauliza swali nililokuwa naliogopa: anaweza kwenda kupaona?

Rafiki yangu, nilifika kihambani mwaka juzi. Upande wa chini uliuzwa, mfereji umekauka, na kwenye duara la masale pamesimama vyumba vya kupangisha. Masale yaling'olewa yakachomwa pamoja na mikahawa mizee. Nilikuwa nimemwambia mama, na alilia. Sasa nilimtazama, nikitamani aseme chochote kizuri. Lakini mama si mtu wa kuficha.

"Mwambie palikuwepo," akasema. "Sasa hapapo."

Akamtuma binti yangu alete kile chungu cha Plano. Akachuma jani moja. Vidole vyake vina baridi yabisi, fundo likamsumbua, akakataa kusaidiwa. Kisha akalishika kwa mikono miwili mbele ya simu. "Mwambie hili ni la babu yangu, aliyemvua jina. Na ni letu sisi, tuliopapoteza." Nikamweleza yule mwanamke maana ya isale kama nilivyokueleza wewe. Mama hakushusha mikono. Yule mwanamke akauliza analipokeaje.

"Anyooshe mikono tu," mama akasema.

Akainyoosha yote miwili.

Kisahani tulimpelekea, pamoja na lile jani. Nyumba ya bibi haipo, ng'ombe hayupo, na mimi nimeanza kusahau sauti ya maji ya ule mfereji, jambo linaloniumiza kuliko nilivyotarajia. Kwenye rozari umebaki uzi mtupu pembeni ya msalaba. Jioni mama anausugua uzi huo kwa dole gumba na kusema, "Na Konrad wetu, umpe pumziko." Kutoka jikoni binti yangu, ambaye hajawahi kukata mzigo wa majani maishani mwake, anaitikia amina kwa nguvu, kisha anaanza kupakua.